KULALA UGENINI: NYUMBA ZA WAGENI ZA JAPANI NA SISI WATU WA MUNIGI



Sisi mafinalisti tunakaribia Exetat. Kila mwaka wakati kama huu, kuna watoto wa shule wanaofunga mifuko na kwenda kulala fasi isiyo kwao, kwa sababu kituo cha mtihani kiko mbali na kijiji chao. Mmoja analala kwa mjomba, mwingine kwa familia ambayo hajaiona hata siku moja, mwingine katika chumba cha kanisa. Nyuma ya mtihani kuna watakaokwenda Bukavu, Butembo ao Kisangani kutafuta masomo ya juu, na huko pia watalala ugenini. Basi nimeona vizuri tuzungumze juu ya jambo hili: mgeni akae namna gani katika nyumba ya watu, na mwenye nyumba ampokee namna gani.

Sitaanza na Munigi. Nitaanza mbali, Japani. Katika somo la jeografia tulisoma kwamba Japani ni inchi ya volkano na matetemeko ya ardhi. Wataalamu wao wanahesabu volkano 111 zenye uhai. Mmoja wetu akauliza: «Sasa watu wa kule wakisafiri, wanalala wapi?» Darasa likacheka. Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Nimelitafutia jibu, na ndilo ninalowaandikia hapa.

1. NYUMBA HIZO NI ZA NAMNA GANI?

Nyumba ya wageni ya desturi ya Kijapani inaitwa riokani. Si hoteli ya gorofa yenye vitanda, viti na meza ndefu. Mara nyingi ni nyumba ya familia, ya mbao, yenye vyumba vichache na bustani ndogo. Kichwa cha mapokezi ni mama mwenye nyumba, nao wanamwita okami. Yeye anajua nani anafika leo, nani hali samaki, nani ni mzee asiyeweza kupanda ngazi. Mara nyingi kazi hiyo inatoka kwa mama mkwe na kwenda kwa mke wa mtoto wake, ao inatoka kwa mama na kwenda kwa binti.

Kuna riokani za zamani kupita kiasi. Moja iko mkoa wa Yamanashi, inaitwa Nishiyama Onsen Keiunkan. Hesabu yao inasema ilianza mwaka 705. Mwaka 2011 kitabu cha Guinness kiliiandika kuwa ndiyo hoteli ya zamani kuliko zote duniani. Nyingine, jina lake Hoshi, iko kijiji cha Awazu, mkoa wa Ishikawa, na wanasema ilianza mwaka 718. Ukoo mmoja umeitunza kwa vizazi 46. Fikirini, wandugu: vizazi 46 vya watu wanaoamka asubuhi kuwapikia wageni!

2. BARABARA NDIYO ILIZAA NYUMBA

Nyumba za wageni hazioti zenyewe kama uyoga. Zinaota pembeni ya njia. Zamani Japani ilikuwa na barabara kubwa inayoitwa Tokaido, kutoka Edo (ndio mji tunaouita Tokyo leo) mpaka Kyoto. Ilikuwa na urefu wa karibu kilometa 500, na vituo 53 vya kupumzikia. Mtu wa miguu aliimaliza kwa majuma mawili hivi.

Mwaka 1635 utawala wa ukoo wa Tokugawa uliweka sheria: kila bwana wa jimbo akae Edo mwaka mmoja, arudi kwake mwaka unaofuata, na bibi yake pamoja na watoto wabaki Edo siku zote. Ilikuwa namna ya kuwashika mabwana wale wasiasi. Lakini angalieni matokeo yake barabarani: kila bwana alisafiri na mamia ya watu, wengine na zaidi ya elfu. Wote wale walihitaji kula na kulala.

Basi kila kituo kilikuwa na nyumba za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mabwana wakubwa. Ya pili ilikuwa ya wasafiri wa kawaida, na mgeni alipewa chakula cha jioni na cha asubuhi. Ya tatu ilikuwa ya maskini. Hapo mgeni alikuja na mchele wake, akalipa kuni tu, akajipikia mwenyewe. Hiyo ya tatu sisi tunaielewa bila mwalimu! Nani kati yetu hajaona mwanafunzi akishuka kwa gari na mfuko wa unga na maharagwe, akiuliza: «Mama, naweza kupata moto kidogo?»

Mwaka 1889 reli ya Tokaido ikamalizika. Safari ya majuma mawili ikawa ya siku moja. Nyumba nyingi za barabarani zikafa, maana nani atalala kituoni kama treni inampitisha? Zilizovumilia ni zile ambazo mgeni alizifuata kwa sababu nyingine, sana sana juu ya maji ya moto yanayotoka ardhini. Hata hizo leo zinapungua. Katika miaka ya 1980 Japani ilikuwa na riokani zaidi ya 80,000. Kabla ya mwaka 2018 zilikuwa zimeshuka chini ya 40,000. Watoto wanakwenda mjini, wazee wanabaki bila mtu wa kuwapokea kazi. Ugonjwa huo hata sisi tunaujua.

3. MGENI ANAINGIA NAMNA GANI

Sasa tuingie ndani. Kwa kawaida mgeni anafika mchana, karibu saa tisa, na kesho yake anaondoka saa ine asubuhi. Asichelewe, juu chakula cha jioni kinapikwa kwa hesabu ya watu na kwa saa yake. Mgeni anayefika saa tatu usiku bila kutoa habari anamharibia mpishi kazi ya siku nzima.

Mlangoni kuna fasi ya chini, na kisha kuna ngazi moja. Hapo unaacha viatu. Si kwamba unavifuta tu kwa kitambaa, unavivua. Unapewa kandambili za ndani. Ukifika chumbani, hata kandambili hizo unazivua, kwa sababu sakafu ya chumba ni mikeka. Mikeka ile inaitwa tatami. Ndani yake kuna majani ya mpunga yaliyokandamizwa, na juu yake kuna msuko wa unyasi laini. Mkeka mmoja una urefu wa karibu sentimeta 180 na upana wa 90, ni kusema fasi ya mtu mmoja kulala. Kwa hiyo Wajapani wanapima chumba kwa mikeka: chumba cha mikeka sita, cha mikeka nane. Chooni nako kuna kandambili zake peke yake, na ole wako ukitoka nazo mpaka chumbani!

Mtu anaweza kusema: «Sheria mingi hivi ya nini? Nimelipa feza yangu.» Lakini fikiri kidogo. Juu ya mkeka uleule mgeni atakaa, atakula, na usiku ataweka kichwa chake. Matope ya barabara yakiingia pale, yanaingia katika chakula na katika usingizi wake. Sheria ya viatu haimdharau mgeni. Inamlinda yeye, na inamlinda yule atakayelala pale kesho.

Chumba chenyewe hakina vitu vingi. Kuna meza fupi, mito ya kukalia, na kisehemu kimoja cha heshima ukutani chenye picha ao ua. Hapo hawaweki mifuko. Kitanda hakuna. Godoro, ambalo wanaliita futoni, linalala mchana ndani ya kabati. Jioni, wakati mgeni anakula ao anaoga, watumishi wanakuja kulitandika chini. Asubuhi linarudi kabatini, na chumba kinakuwa salo tena. Kwetu pia, katika nyumba nyingi, wageni wakifika salo inakuwa chumba cha kulala: viti vinasukumwa, godoro linatandikwa. Sisi tunaona haya juu ya jambo hilo, tunaliita umaskini. Wajapani wamelifanya kuwa desturi ya heshima.

Mgeni anapewa pia vazi jepesi la pamba, refu, lililo wazi mbele na mkanda kiunoni. Linaitwa yukata. Upande wa kushoto unakuja juu ya upande wa kuume. Ukigeuza, wenyeji watakurekebisha mbio, maana namna ile nyingine ndiyo wanavyovalishwa maiti.

4. MAJI YA WATU WOTE

Jambo ninalolipenda zaidi ni la maji. Volkano ya Japani inaunguza, lakini inatoa pia maji ya moto. Sheria yao ya mwaka 1948 inasema maji yanaitwa onseni kama yanatoka ardhini na moto wa digri 25 ao zaidi, ao kama yana madini fulani yaliyotajwa. Hata sisi tuko nayo: kule Mayi ya Moto, katika pori la Virunga upande wa Rutshuru, maji yanachemka yenyewe kutoka ardhini.

Katika riokani kuna birika kubwa la maji ya moto, la wanaume mbali na la wanawake mbali. Watu wengi wanaingia katika maji yaleyale. Sasa sikilizeni sheria: birika si la kujisugulia. Kabla ya kuingia, unakaa juu ya kiti kidogo pembeni, na beseni ndogo, unajisugua kwa sabuni, unajimwagia maji mpaka povu yote iishe. Ukiisha kuwa safi kabisa, ndipo unaingia birikani kupumzika. Sabuni haiingii. Nguo haiingii. Hata kitambaa kidogo cha kujifutia hakiguswi na maji. Watu wengine wanakiweka juu ya kichwa!

Hakuna askari anayesimama pale na fimbo. Kila mtu anajichunga mwenyewe, kwa sababu anajua kwamba nyuma yake anakuja mwingine, na mbele yake alitangulia mwingine. Huo ndio moyo wa nyumba ile: maji ya wote yanalindwa na kila mmoja.

5. CHAKULA, MALIPO NA NJIA YA KUKIMBILIA

Jioni wanaleta chakula katika vyombo vidogo vidogo vingi: samaki wa mto ule, uyoga wa mlima ule, wali, supu, mboga ya wakati ule. Hawatafuti nyama ya mbali ili kumshangaza mgeni. Wanampa kile ambacho inchi yao inazaa. Ni sawa vile mtu wa kwetu angempa mgeni sambaza wa ziwa Kivu, viazi vya Kibumba na sombe, bila kuomba radhi.

Malipo yanahesabiwa kwa kila kichwa, hayahesabiwi kwa chumba, na mara nyingi ndani yake kuna kulala, chakula cha jioni na cha asubuhi. Mgeni anajua bei mbele ya kuingia. Matabishi hayaombwi.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho watu wengi hawakiangalii. Chumbani, mara nyingi nyuma ya mlango, kuna ramani inayoonyesha njia ya kukimbilia kama moto ao tetemeko linatokea. Mgeni hajui nyumba, mwenyeji anaijua. Kwa hiyo mwenyeji anamwambia mapema. Wandugu, kumbukeni hiyo ramani. Nitairudilia.

6. NJIA ZETU ZA ZAMANI

Mtu atauliza: na sisi je? Inchi zetu hazikuwa na barabara? Zilikuwa nazo. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, pwani ya Tanzania ya leo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Ni safari ya kilometa zaidi ya 1,000, ya miezi. Kutoka Ujiji wengine walivuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema, mpaka Kasongo na Nyangwe. Kwa njia ile Kiswahili kilifika katika inchi yetu. Maneno ninayoandika hapa yalikuja kwa miguu, yakilala njiani.

Wasafiri wale walilala wapi? Wakubwa walilala katika tembe, nyumba za udongo za kuta nene, zenye dari bapa na ua katikati. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walipokelewa Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati ule, na mfanyabiashara Mwarabu jina lake Snay bin Amir. Aliwapa nyumba na kuwasaidia kwa mambo mengi. Tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, leo ni nyumba ya makumbusho.

Lakini tusifiche ukweli. Wapagazi walijijengea vibanda vya majani kila jioni na kuviacha asubuhi. Na watumwa walilala na minyororo shingoni. Barabara ile ilikuwa na wageni wa heshima, na ilikuwa na watu ambao hakuna aliyewauliza kama wamekula. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, njia ya miguu ikafa.

Kwetu Kongo, wakati wa Wabelgiji, kulikuwa nyumba za kupumzikia pembeni ya barabara, walizoziita kwa Kifaransa gîte. Mtumishi wa serikali alifika na wapagazi wake, mpishi wake na kitanda chake cha kukunja. Watu wa kijiji walilazimishwa kutunza nyumba ile, kuleta maji na kuni. Sasa linganisheni na riokani. Kule mwenyeji anaweka sheria ya nyumba yake na mgeni anaifuata. Huku mgeni aliweka sheria, na mwenyeji alibeba maji. Nyumba ya namna ile haiwezi kupendwa na mtu, na wakubwa wale walipokwenda, haikubaki hata desturi ya kuitunza.

Kilichobaki kwetu ni ukarimu wa nyumbani: mlango wa jamaa, mlango wa jirani, mlango wa kanisa. Ni kitu kikubwa. Lakini ukarimu bila mpango unachoka.

7. MUNIGI IMEPOKEA WAGENI KULIKO RIOKANI YOYOTE

Kijiji chetu kiko njiani, kati ya Goma na Rutshuru, chini ya Nyiragongo. Wageni hawakukoma kufika.

Mwezi wa saba mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walitoka Rwanda na kuingia Goma katika siku chache. Hapa Munigi penyewe kulikuwa kambi. Wazee wanajua yaliyofuata. Ardhi yetu ni mawe ya volkano: mvua inamezwa, mito hakuna, kuchimba choo ni kazi ya wiki. Watu walikunywa maji waliyoyapata, na kolera ikaingia. Inahesabiwa kwamba katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000 katika kambi zote za Goma. Hawakufa kwa kukosa huruma ya watu. Wengi walikufa kwa kukosa maji safi na choo.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, Nyiragongo ilipasuka, na nyufa zilishuka mpaka hapa Munigi. Siku hiyo wenyeji tukageuka wageni: watu walikimbilia Gisenyi, Sake na kwingine. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021 ikapasuka tena, moto ukafika Buhene, na siku chache nyuma yake watu wa sehemu kubwa ya Goma waliambiwa wahame. Tangu mwaka 2022 mpaka mwanzo wa 2025, maelfu ya watu waliokimbia vita ya Rutshuru walilala chini ya mashiti pale Kanyaruchinya, jirani yetu.

Basi sisi tumekuwa pande zote mbili za mlango. Aliyepokea jana alipokelewa leo. Ndiyo sababu nasema sheria za riokani si michezo ya matajiri. Wajapani wameandika kwa desturi jambo ambalo sisi tumelijifunza kwa machozi: maji ya wote yalindwe na kila mmoja, na mwenyeji amwonyeshe mgeni njia ya kukimbilia.

8. MAMBO YA KUSHIKA

Nimejaribu kuyapanga kwa maisha yetu ya hapa. Kwanza kwa wewe mgeni, sana sana finalisti:

a) Toa habari mapema kwamba unafika, siku gani na saa gani. Mama wa nyumba ahesabu sahani.

b) Usifike mikono mitupu. Kilo mbili za maharagwe ao sabuni inatosha. Hayo ndiyo «malipo ya kuni» ya maskini wa Tokaido.

c) Siku ya kwanza uliza mambo matatu: viatu vinaachwa wapi, maji ya kunywa ni bidoni gani, na mlango unafungwa saa ngapi. Ni heri kuuliza mara moja kuliko kusamehewa mara kumi.

d) Kikombe kilichogusa mdomo kisiingie katika bidoni ya wote. Osha mikono ukitoka chooni.

e) Usichaji simu wala kuwasha taa usiku kucha bila ruhusa. Umeme ni wa kulipiwa.

f) Asubuhi kunja godoro. Salo ni ya watu.

Sasa kwa wewe mwenyeji. Hapa naomba wazazi wanivumilie, maana mimi ni mtoto wenu.

a) Mwambie mgeni bei yake mapema, kama kuna bei. Kama hakuna, usimkumbushe kila jioni ulichompa.

b) Mwonyeshe hatari za fasi yenu. Mgeni hajui mazuku, ile hewa mbaya inayotulia katika mabonde na mashimo. Anaweza kulala pale na asiamke. Mwonyeshe pia njia ya kukimbilia kama mlima unaamka. Hiyo ndiyo ramani yetu ya nyuma ya mlango.

c) Watu wanasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni kweli. Lakini mtoto aliyekuja kufanya Exetat hakuja kukaa, na jembe lake ni kalamu. Tunaona mara nyingi wasichana wanaopokelewa vizuri, halafu wanapewa kupika, kufua, kuteka maji na kulea mtoto mpaka saa ine ya usiku, wakati mvulana aliyefika naye anasoma karibu na taa. Asubuhi wote wawili wanakaa mbele ya karatasi moja. Hiyo si haki. Kazi iwe ndogo, na igawanywe kwa wote wawili.

d) Msichana mgeni asilazwe katika chumba kimoja na mwanaume, hata kama mwanaume huyo anaitwa mjomba. Alale na mabinti wa nyumba ao na mama. Kama fasi ya namna hiyo hakuna, ni heshima zaidi kusema wazi «hatuna fasi», ili atafutiwe pengine kabla ya giza. Na wewe dada, ukiona mambo hayako sawa, usinyamaze juu ya haya ya mgeni. Mwambie mwalimu wako siku hiyohiyo.

Wandugu, najua hatuna bustani wala birika la maji ya moto. Wengi wetu tuko na salo moja, mkeka mmoja na bidoni mbili za maji zilizotoka mbali juu ya chukudu. Lakini mambo yanayofanya nyumba iwe ya wageni hayanunuliwi: kujua saa ya kufika kwa mgeni, kumpa maji safi, kumwambia ukweli juu ya fasi, na kumwacha alale bila woga. Nyumba ya Hoshi ilianza na hayo mwaka 718, wala haikuanza na umeme.

Exetat ikikaribia, kila mmoja aulize nyumbani kwake: wakituletea mtoto wa watu, atalala wapi na atasoma saa ngapi? Jibu lipatikane kabla mtoto hajabisha mlango.



Kapita wa wanafunzi, finalisti